Accum, Mwinda Sumu Aliyechana Kurasa

Wanafunzi wenzangu, bila shaka mnaukumbuka usiku wa maji meusi. Kwa waliojiunga mwaka huu, ngoja nieleze kidogo. Muhula uliopita kikundi kimoja cha mwaka wa kwanza kilichota maji kwenye tangi la bweni letu, kikayapeleka maabara na kuyatia matone ya sodiamu salfaidi. Maji yakageuka meusi. Kitabu walichokuwa wakikifuata kilisema weusi huo ni dalili ya risasi, yaani ile metali nzito inayodhuru ubongo, figo na damu. Kabla ya saa nne usiku picha ya testi tyubu nyeusi ilikuwa imeshafika kwenye kila simu ya bweni. Asubuhi yake mama anayetuuzia uji na chapati kule nyuma, ambaye huchota maji kwenye tangi hilohilo, alirudi nyumbani na sufuria imejaa. Ikawa hivyo siku nne mfululizo.

Siku hizo nne mimi nilishinda maktaba nikitafuta kujua kipimo hicho kilitoka wapi. Nilikuwa na sababu yangu, nitaisema mwishoni. Ndipo nilipokutana na Friedrich Accum, mkemia ambaye miaka 200 iliyopita aliwafundisha watu wa London namna ya kutafuta risasi na shaba kwenye chakula chao. Alipata jina kubwa, kisha akaanguka kwa mara moja, tena kwa kosa ambalo mimi nilikuwa nalijua vizuri mno.

Kijana wa duka la dawa

Friedrich Christian Accum alizaliwa tarehe 29 Machi 1769 huko Bückeburg, mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alizaliwa Myahudi, akabatizwa, akawa askari na baadaye mtengeneza sabuni. Alifariki mtoto akiwa na miaka 3 tu. Alipokua, Accum alijifunza kazi ya dawa kwa familia ya Brande mjini Hanover. Siku hizo mfalme wa Uingereza, George wa Tatu, ndiye pia aliyekuwa mtawala wa Hanover, na akina Brande walikuwa wauza dawa wake. Walikuwa na duka London vilevile. Mwaka 1793, akiwa na miaka 24, Accum alivuka bahari kwenda kufanya kazi katika duka hilo.

Hakuridhika na kupima unga wa dawa. Alihudhuria mihadhara ya udaktari, akajifunza Kiingereza mpaka akaweza kukiandikia, na kuanzia mwaka 1798 makala zake zikaanza kutoka kwenye jarida la sayansi la William Nicholson. Likumbukeni jarida hilo, maana litarudi. Mwaka huohuo alimwoa Mary Ann Simpson. Walipata watoto 8, lakini ni 2 tu waliofikia utu uzima.

Mwaka 1800 alihamia nyumba namba 11, Old Compton Street, mtaa wa Soho, akakaa humo miaka 20. Nyumba hiyo ilikuwa mambo matatu kwa pamoja: shule, maabara na duka. Alifundisha kemia kwa vitendo kwa yeyote aliyelipa ada. Aliuza mizani, chupa, na masanduku ya kemikali ambayo mtu aliweza kuyabeba na kufanyia majaribio popote. Benjamin Silliman, aliyekuja kuwa profesa maarufu wa Yale kule Marekani, alipita hapo. Lord Palmerston, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, naye alipita hapo. Kuanzia 1801 hadi 1803 Accum alifanya kazi Royal Institution, taasisi ya sayansi mjini humo, chini ya Humphry Davy. Baadaye alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kutetea taa za gesi mitaani, na kitabu chake cha mwaka 1815 juu ya gesi kilisomwa sana. Kwa ufupi, jamaa alikuwa hashikiki.

Mji usiomjua mpishi wake

Mwanzoni mwa karne ile London ilikuwa imeshapita watu milioni 1. Kijijini mtu anamjua aliyekamua maziwa yake. Katika mji mkubwa namna ile mkate, bia, chai na jibini vilipita mikono mingi kabla ya kufika mezani, na kila mkono ulitaka faida yake. Sisi tuna neno zuri kwa mambo hayo: uchakachuaji.

Mwaka 1820 Accum alitoa kitabu juu ya uchakachuaji wa vyakula na sumu za jikoni. Kwenye jalada palichorwa fuvu la kichwa, pamoja na neno linalokumbusha kile kisa cha chungu chenye sumu katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Nakala 1,000 ziliisha ndani ya mwezi mmoja. Toleo la pili likatoka mwaka huohuo, na mwaka 1822 kikawa kimeshatafsiriwa Kijerumani.

Ndani yake kuna mambo ya kukufanya usukume sahani mbali. Majani ya miti ya kienyeji yalikaushwa, yakapakwa rangi ya shaba iliyooza na kuuzwa kama chai ya kijani. Achari ya matango ilichemshwa kwenye vyombo vya shaba, au ikatiwa sarafu za shaba makusudi, ili iwe na kijani kinachovutia. Pipi za watoto zilipata wekundu wake kwenye rangi za zebaki na risasi. Unga wa pilipili uliopauka kwa kukaa juani ulirudishiwa sura kwa rangi nyekundu ya risasi, ileile ya kupaka mbao na vyuma. Divai iliyoanza kuchacha ilitiwa chumvi za risasi, kwa sababu baadhi yake zina ladha tamu kabisa. Hata chupa zilikuwa na hatari: zilisafishwa kwa kutikisa vigololi vya risasi ndani yake, na kigololi kimoja kikikwama chini, divai inakaa nacho miezi.

Kisa kilichonikaa kichwani ni cha jibini. Bwana mmoja alikula jibini ya Gloucester iliyochomwa katika nyumba ya wageni magharibi mwa Uingereza, akashikwa na msokoto mkali wa tumbo. Akala siku nyingine, msokoto ukarudi. Jibini ikachunguzwa, ikakutwa na risasi. Nani alimwekea? Walipofuatilia nyuma, mkulima aliyetengeneza jibini alikuwa ametumia rangi ya kawaida ya mbegu za mzingefuri, isiyo na madhara. Lakini mfanyabiashara aliyemuuzia rangi aliona mbegu zake zimepauka, akaongeza rangi nyekundu ya zebaki ili zipendeze. Na muuza dawa aliyemuuzia rangi hiyo ya zebaki naye alikuwa ameizidisha kwa rangi ya risasi, akidhani mteja anakwenda kupaka nyumba. Watu watatu, kila mmoja na ujanja wake mdogo au bila ujanja wowote, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kumpa mtu sumu.

Hapa Mswahili ana la kuongeza. Zingefuri kwetu ni rangi nyekundu, na mzingefuri ni mti wa mbegu hizo, upo pwani yetu. Lakini asili ya neno ni Kiarabu, na huko ni jina la madini mekundu ya zebaki. Yaani mbegu na madini vimegawana jina moja kwa sababu vimegawana rangi. Jicho peke yake lisingemsaidia yule bwana wa Gloucester, wala lisingekusaidia wewe.

Gesi ya mayai viza

Basi unaionaje risasi iliyojificha? Accum aliwaeleza wasomaji wa kawaida njia ambayo mtu angeweza kuifanya nyumbani. Kipimo chenyewe hakukibuni yeye. Daktari wa Kijerumani Samuel Hahnemann alikuwa ameshakieleza katika miaka ya 1780. Accum alikitoa mikononi mwa wataalamu akakipeleka jikoni.

Unachukua maji, unapitisha ndani yake haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza, mpaka maji yashibe. Kisha, na hili lishikeni, unaongeza matone ya asidi ya haidrokloriki. Maji hayo unayamimina kwenye divai, au unaloweka humo kipande cha jibini. Kukiwa na risasi, panatokea rangi ya kahawia au nyeusi, kwa sababu salfa imeshikana na risasi na kufanya mashapo meusi yasiyoyeyuka. Ukitaka uhakika zaidi, unakausha mashapo hayo, unayaweka juu ya kipande cha mkaa na kuyapulizia moto kwa mrija. Risasi yenyewe inatoka, kitone kidogo kinachong'aa. Hapo hakuna mabishano tena.

Kwa shaba njia ni nyepesi zaidi. Katakata achari, mwagia amonia. Ikigeuka buluu, iache. Kuna pia njia ya zamani ya kutumbukiza kisu safi cha chuma: baada ya muda shaba inajipaka kwenye kisu, unaiona kwa macho.

Turudi kwenye asidi. Matone yale yana kazi gani? Ni kwa sababu chuma nacho kinaweza kufanya weusi na salfaidi. Na chuma kimejaa kila mahali: kwenye divai, kwenye maji, kwenye kutu ya bomba. Lakini weusi wa chuma hauwezi kukaa ndani ya asidi, unayeyuka. Weusi wa risasi unabaki. Kwa hiyo matone machache ya asidi ndiyo yanayomtenga muuza sumu na mtu asiye na hatia. Usipoyatia, utamhukumu mwenye bomba lenye kutu kana kwamba ameua mtu.

Nisizidishe sifa. Kipimo cha macho kinaona risasi nyingi, hakioni chembe. Leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za risasi kwa lita, yaani sehemu 1 katika milioni 100. Kiasi hicho kinatakiwa mashine, kama ile inayopima mwanga unaofyonzwa na atomu, njia ambayo Alan Walsh wa Australia aliitangaza mwaka 1955. Mashine hiyo inatumia taa maalumu kwa kila metali. Idara yetu inayo, ila taa ya risasi iliungua zamani na mpya haijaja. Ndiyo maana vijana wa mwaka wa kwanza walirudi kwenye salfaidi kama watu wa mwaka 1820.

Tundu kwenye ukuta

Accum hakuishia kwenye kemia. Alitaja majina. Alichapisha orodha za wauza dawa, wenye maduka na watengeneza bia waliokwisha kutiwa hatiani kwa kuchakachua. Barua za vitisho zisizo na jina zilianza kumfikia, naye katika toleo la pili akatangaza kwamba hataacha. Fikiria ni watu wangapi wenye fedha walioomba usiku na mchana mtu huyu apatwe na jambo.

Jambo likampata, na alilifanya mwenyewe. Mwezi Novemba 1820 msaidizi wa maktaba ya Royal Institution aligundua kwamba vitabu alivyokuwa akisoma Accum vinapungukiwa kurasa. Uongozi haukumwuliza. Walitoboa tundu kwenye ukuta wa chumba cha jirani, msaidizi akakaa kuchungulia. Jioni ya tarehe 20 Desemba alimwona Accum akichana makala juu ya chokoleti kutoka kwenye jarida la Nicholson, jarida lilelile lililomtambulisha kwa wasomaji alipokuwa kijana. Nyumba yake ikapekuliwa, kurasa nyingine zikapatikana.

Hakimu wa kwanza aliona kesi nzima kama mzaha. Kwake yeye, kitabu kina thamani, lakini kurasa zilizokwisha kuchanwa ni karatasi za kufungia tu, akamwachia. Royal Institution ikakataa, ikafungua mashtaka upya. Januari 1821 Accum alifika mahakamani pamoja na marafiki wawili, mchapishaji Rudolph Ackermann na msanifu majengo John Papworth, nao watatu wakaweka dhamana ya jumla ya pauni 400 kwamba atarudi mwezi Aprili. Tarehe 5 Aprili jina lake liliitwa, hakuwepo. Alikuwa ameshaondoka Uingereza.

Wapo wanaodhani mpaka leo kwamba waliochukizwa na kitabu chake walikuwa na mkono katika jambo hili. Inawezekana. Lakini kurasa zilichanwa na yeye. Mtu aliyeishi kwa kuandika na kusoma, mwenye fedha za kununua jarida, alichana kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kunakili kwa mkono. Kila aliyewahi kusoma usiku wa kuamkia UE anaijua akili hiyo.

Berlin, na miaka 30 ya bure

Alirudi Ujerumani akawa profesa Berlin, akifundisha katika chuo cha ufundi na chuo cha ujenzi. Mwaka 1826 alitoa kitabu cha juzuu mbili juu ya vifaa vya ujenzi, mawe na chokaa na matofali. Hakuandika tena juu ya sumu za chakula. Alifariki Berlin tarehe 28 Juni 1838, akiwa na miaka 69.

Na London? Waliochakachua walipumua. Risasi iliyokuwa kwenye pilipili haikujali kama aliyeigundua alichana jarida, ilibaki kuwa risasi. Weusi wa kipimo chake ulikuwa uleule. Lakini watu walichoka kumsikiliza, wakamcheka, na kitabu kikasahaulika pamoja na mwenyewe. Ilichukua miaka 30 mpaka daktari Arthur Hill Hassall, kwa kutumwa na jarida la Lancet, alipoanza kununua vyakula madukani mwaka 1851, kuvichunguza kwa hadubini na kwa kemia, na kuchapisha majina na anwani za wauzaji. Alikuta rangi za risasi bado zimo kwenye pilipili na pipi. Mwaka 1858 watu karibu 20 walikufa Bradford kwa pipi zilizotiwa aseniki kwa makosa. Sheria ya kwanza ya jumla dhidi ya uchakachuaji wa vyakula ikapita 1860, na ile yenye meno ikaja 1875. Hesabuni wenyewe ni watoto wangapi walikula pipi nyekundu kati ya 1821 na 1860. Mimi siwezi.

Sababu yangu

Sasa niseme. Mwaka wangu wa pili, boom lilichelewa wiki sita. Steshenari walikuwa hawakopeshi tena. Kulikuwa na kitabu cha prakto kwenye rafu ya akiba, kisichoruhusiwa kutoka. Nilichana karatasi 3, nikazikunja, nikaziweka kwenye madesa yangu. Nilifaulu mtihani. Karatasi zikabaki chini ya godoro.

Karatasi hizo ndizo zenye maelezo ya asidi. Vijana wa mwaka wa kwanza walikifuata kitabu neno kwa neno, ila kitabu kilikuwa kimeruka kutoka kwenye salfaidi moja kwa moja hadi kwenye hitimisho. Nilipoona ile picha kwenye simu nilijua palepale, na nilinyamaza. Mama wa uji alirudi na sufuria siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne nilisoma habari za Accum mpaka maktaba ikafungwa, nikaenda bwenini, nikazitoa karatasi na kuzisukuma chini ya mlango wa fundi wa maabara. Sikuandika jina.

Asubuhi fundi aliita kikundi kile mbele ya wote. Akachukua testi tyubu nyeusi, akadondoshea asidi. Harufu ya mayai viza ikapanda, weusi ukayeyuka, maji yakawa meupe. Chuma. Kutu ya tangi. Watu wakacheka, mchana wakapanga foleni ya uji, na vijana wa mwaka wa kwanza wakabaki wanataniwa muhula mzima kwa kosa ambalo halikuwa lao.

Mimi sikupanda meli kwenda Berlin, lakini kusukuma karatasi chini ya mlango usiku nako ni kukimbia. Kwa hiyo kabla ya kuleta makala hii kwa mhariri nilikwenda maktaba, nikamwamkia mama wa rafu ya akiba, nikamweleza. Alinisikiliza bila kunikatiza, akanipa fomu ya faini, nikalipa. Kwa mama wa uji nilikwenda jana. Aliniuliza kama maji ya tangi ni salama kweli, au wamemdanganya tu ili arudi. Nikamweleza kwamba kipimo kile kinaonyesha weusi ulikuwa wa chuma, na kwamba kuhusu risasi iliyo ndogo sana hakuna atakayejua mpaka taa ya mashine inunuliwe. Akasema hewala, akaniongezea uji.

Karatasi 3 sasa zimebandikwa mahali pake. Maelezo ya asidi yapo kwenye ya pili, karibu na chini.